Kikaango cha Pili

Dada yangu mpenzi,

Pole na pilika za huko. Mgongo wako umepata nafuu, au bado unajifanya umepata ili usirudishwe kwa daktari? Shemeji ameacha kweli ile chai ya vijiko sita vya sukari, au siku hizi anainywa kazini ambako humwoni? Wapwa zangu nawasalimu mmoja mmoja, kuanzia mkubwa hadi yule anayemaliza soli za viatu kila mwezi. Sisi huku tunaamka, tunakwenda kazini, tunarudi. Ukiniuliza kama tu wazima nitakujibu kwamba kwa sasa hakuna aliyelazwa. Mengine yamo humu, kwa hiyo tafuta mahali ukae.

Barua yako niliipata Jumatatu. Nimeisoma mara nne, na kila nikiisoma nainuka kutafuta kazi ya kufanya. Unasema umewasimulia wote ofisini kwenu jinsi mdogo wako alivyombeba mama mkwe wake mgongoni kutoka ghorofa ya nne hadi chini, na kwamba mhasibu wenu mama mmoja alitokwa na machozi. Ukaandika pia, kwa herufi kubwa, nimwambie mama mkwe aache kuchovya mkate kwenye vyombo vya watu. Mlicheka sana, ulisema. Mwisho ukaomba nikuandikie namna ya kupika kile chakula cha Kigiriki, maana wageni wa shemeji wanafika mwisho wa mwezi na unataka kitu cha haraka chenye sura ya hotelini.

Naanza na mapishi, maana hayo ndiyo mepesi.

Nilijifunzia kazini. Kuna hoteli moja ambayo kampuni yetu inatunza lifti zake. Jikoni kwao wana lifti ndogo ya kupandisha sahani, haizidi ukubwa wa kabati, na mwaka jana ilikuwa inakwama kila wiki. Mpishi mkuu wao ni Mgiriki, mtu mnene mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya barabara. Siku moja nimelala chali chini ya lifti yake nakaza waya, yeye anapika chakula cha wafanyakazi, na kwa muda wote ule hakuniuliza hata mara moja nitamaliza lini. Hilo halijawahi kutokea tangu nianze ufundi. Nikainua kichwa nione ni kitu gani kimemteka hivyo. Baada ya wiki nikamwomba anionyeshe. Alinipa kisu na kitunguu, akacheka jinsi ninavyokishika, lakini alinifundisha.

Chukua kamba wa baharini wakubwa, wamenye, toa ule uzi mweusi wa mgongoni. Vichwa na maganda usitupe. Vichemshe kando na maji kidogo kwa dakika kumi, uchuje, upate supu nyekundu. Kwenye kikaango kipana tia mafuta ya zeituni, kitunguu maji, pilipili hoho, na punje tatu za kitunguu saumu zilizopondwa. Vikilainika, tia nyanya zilizokatwa na ile supu ya vichwa, uache itokote mpaka iwe nzito. Hapo ndipo unapanga kamba juu. Wakishageuka rangi, na wanageuka upesi, usiende kujibu simu, vunjavunja jibini nyeupe ya chumvi juu yao, funika mpaka jibini ilegee. Malizia kwa majani makavu ya oregano na limau. Chumvi onja kwanza, jibini inayo ya kwake. Mkate uwe wa kutosha. Tangu kuwasha jiko hadi kuketi mezani ni dakika thelathini, na kumi kati ya hizo ni za kumenya kamba na kulalamika.

Basi, hayo ndiyo mapishi. Ningeweza kuishia hapa, nikaweka salamu na sahihi yangu, ukafurahi na wageni wako wakafurahi. Nimeinuka hapa nikaenda kukaza bomba la sinki ambalo halivuji. Nimerudi.

Unajua kwamba mama mkwe alikuja kwetu baada ya kufanyiwa upasuaji wa goti, kwa kuwa kliniki ya mazoezi iko mtaa wa pili kutoka hapa. Tulipanga akae wiki tatu, zikawa saba, na sasa zinakaribia kumi. Mimi sikuwa na neno. Ni mama yake wifi yako, na amefanya kazi ya ukunga hospitalini miaka thelathini na minne, amestahili kupumzika. Lakini unajua pia kwamba nyumbani kwetu mpishi ni mimi. Wifi yako anatoka masijala ya mahakama saa kumi na moja akiwa amechoka kusikiliza watu wanaobadilisha maelezo, na mimi nikiwa zamu ya asubuhi ninawahi kurudi. Tumezoea hivyo tangu tuoane.

Mama hakuzoea. Kila nilichoweka mezani alikisogeza kwa kidole kimoja, taratibu, kama mtu anayesogeza faili la mwenzake. Maharage yanamjaza gesi. Bilinganya inampa joto. Maziwa yanamletea makohozi. Wali wangu una maji, nyama yangu ina haraka. Kamba, alisema, wanambana koo, na hilo alilisema kwa sauti ileile aliyoisemea bilinganya. Kisha wifi yako akirudi, anamkaangia yai, na Mama analila lote, anafuta sahani kwa mkate, anasema afadhali leo amekula. Wiki ya tano nilianza kusikia lile "afadhali" hata nikiwa juu ya lifti ya watu, nafungua nati.

Sasa Jumamosi ile. Nilimwambia wifi yako kwamba nitapika kamba, maana ilikuwa zaidi ya mwezi hatujala kitu tunachokipenda wenyewe, na Mama nitampikia minofu ya samaki kwa mtindo uleule, kwenye kikaango chake. Samaki anakula, hana shida naye. Wifi yako aliniuliza kama nina hakika sitachanganya vyombo. Nikamwambia nimeshika nyaya za umeme mkubwa maisha yangu yote na bado nina vidole kumi. Akacheka, akaenda kuoga.

Nilipika vikaango viwili, kimoja kila upande wa jiko. Mama alikuja na fimbo yake akasimama mlangoni pa jikoni. Aliuliza kama kikaango chake ni safi. Nikamjibu kwamba hicho ni chake peke yake, nimekisugua kwa mikono yangu, na mwiko wake huu hapa. Akaitikia kwa kichwa, akaenda kukaa.

Saa kumi na mbili jioni tuliketi. Mama alionja, akaonja tena. Halafu akasema, "Leo umepika." Dada, wiki saba nilizisubiri hizo. Alikula kijiko cha tatu, cha nne, cha tano. Kwenye cha sita akakiweka kijiko chini, akagusa midomo. Hakumtazama binti yake, alinitazama mimi. Akasema, "Gari. Sasa hivi."

Shingo ilishaanza kutoa mabaka, na sauti yake ilikuwa inatoka kama inapita kwenye mrija. Wifi yako aliruka na kiti kikaanguka. Lifti ya jengo letu, unajua ilivyo, ilikuwa imesimama wiki ya tatu, na majirani walikuwa wananitania kwamba daktari wa meno ana mapengo. Nikainama, Mama akanishika mabega, nikambeba. Ngazi sitini na nne. Kifua chake kilikuwa mgongoni kwangu, nikawa naisikia kila pumzi inavyotafuta njia, na kila kituo cha ngazi nilikuwa naona inaweza kuwa ya mwisho. Fundi saa wa ghorofa ya chini alikuwa anafunga duka, akatoa gari lake bila kuuliza swali. Njiani Mama alimshika wifi yako mkono na kwa vidole akamwonyesha amlaze vipi, kichwa kiwe wapi, kana kwamba mgonjwa ni mtu mwingine.

Hospitalini walimchoma sindano ya paja kabla hata hatujatoa jina. Daktari aliyekuwa zamu, dada mdogo wa umri wa yule mpwa wangu mkubwa, aliuliza amekula nini. Wifi yako akasema samaki. Daktari akauliza kama hakukuwa na kamba, kaa, chochote cha namna hiyo. Wifi yako akasema, "Wapo, ila vyombo vilikuwa tofauti, mume wangu alivitenga." Kisha wote wawili wakanigeukia. Mama, akiwa na barakoa ya oksijeni usoni, akaiinua kidogo akasema neno moja, "Kamba." Akairudisha. Daktari akageuka kwenye kazi yake.

Kesho yake alikuwa anaweza kuongea. Wifi yako alimwuliza imekuwaje. Mama akasema alichovya mkate kwenye sahani ya binti yake tulipokuwa tunatafuta chumvi. Tamaa tu, akasema. Wifi yako alilia na kucheka kwa pamoja, akamgombeza, akatoka akapiga simu kwenu, kwa shangazi zake, kwa kila mtu. Hadithi ndipo ilipoanzia: mkwe shujaa, na bibi mlafi wa mkate. Manesi waliijua. Fundi saa akimwona Mama sasa anamwuliza kama leo mkate umebaki. Naye anatabasamu.

Dada, hakuchovya mkate wowote. Chumvi ilikuwa mezani, hatukuinuka.

Nimeinuka tena. Nimezunguka nyumba. Nimetia mafuta bawaba za milango yote, na nimegundua kwamba nilizitia juzi. Wiki hizi nimekuwa hivi. Nikikaa dakika tano miguu inaanza yenyewe. Kazini nimefungua paneli ya lifti iliyo nzima nikaifunga, nikaifungua tena, mpaka msaidizi wa meneja wa jengo akaniuliza kama nimepoteza kitu.

Basi sikiliza. Ile supu ya vichwa niliitia kwenye vikaango vyote viwili. Wala sikujisahau. Nilikuwa nimesimama na upawa mkononi, kikaango cha samaki mbele yangu, na Mama ametoka kuniuliza dakika ileile kama ni safi. Nikatia upawa mmoja. Nikakoroga. Nikatia wa pili.

Sikutaka afe, wala aumwe. Niliamini kwamba anadanganya. Siku tatu kabla yake nilikuwa narekebisha fimbo ya pazia chumbani kwake, skrubu ikaangukia kwenye droo iliyokuwa wazi kidogo, nikaifungua niitafute, nikakuta pakiti ya vile vitafunio vya kukaanga vyenye picha ya kamba mwekundu, nusu yake imeliwa. Nikajiambia huyu mama hana lolote linalombana koo, ni mimi tu ndiye ninayembana. Kwa hiyo nilipanga ale, amalize sahani, aombe nyingine, ndipo nimwambie mbele ya binti yake alichokula. Maneno yenyewe nilikuwa nimeshayaandaa. Niliyafanyia mazoezi nikimenya kamba. Na aliposema "Leo umepika," nilifurahi mara mbili kwa mpigo, na ile furaha ya pili ndiyo isiyonipa nafasi ya kukaa kitini.

Daktari alipotugeukia nilikuwa na nafasi ya kusema. Sikusema. Mtu alikuwa anapigania pumzi, na mimi nilikuwa nahesabu nani ananitazama.

Siku ya kumi na moja nilishindwa. Wifi yako yuko kazini, Mama amekaa dirishani ananyoosha goti kama alivyoelekezwa kliniki. Nikavuta kigoda nikakaa chini yake kama mwanafunzi. Nikamwambia supu ilikuwa kwenye kikaango chake. Aliendelea kunyoosha goti mpaka akamaliza hesabu yake ya kumi, ndipo akaniuliza kama nilisahau au nilikusudia. Pale, dada, palikuwa na mlango wazi kabisa wa kutokea. Nikamwambia nilikusudia, nilidhani anasingizia.

Akaniuliza kwa nini. Nikamtajia pakiti.

"Uliingia kwenye droo yangu?" akasema, na nakuapia alionekana kuudhika zaidi kwa hilo kuliko kwa koo lake. Akanituma niilete. Akanigeuzia nyuma ya pakiti akaniambia nisome kwa sauti. Unga wa viazi, mafuta, chumvi, rangi, ladha ya kutengenezwa. Kamba hamna, isipokuwa yule wa kwenye picha. Akasema amekuwa akisoma nyuma za pakiti tangu akiwa na miaka kumi na tisa, siku alipokula kamba akaponea chupuchupu katika bweni la wauguzi, na kwamba vitafunio kama hivyo ndiyo njia pekee aliyobaki nayo ya kujua ladha ambayo watu wanaisifia.

Nikamwuliza kwa nini alinifichia siri. Akasema hakunifichia. Pale kwa daktari alikuwa na pumzi ya neno moja tu, akalitumia kwa lenye faida. Kesho yake binti yake alipomwuliza, alikuwa ameshika mkono wangu kwa mikono yake yote miwili, na Mama hakuona namna ya kuyasema huku anautazama ule mkono. Kwa hiyo akaweka mkate. Alitegemea mimi mwenyewe ningeurekebisha upesi. "Nilikupa wiki moja," akasema. "Umekula ya pili." Kisha akaniambia nimwambie binti yake mwenyewe, nisimpeleke yeye mbele kama ngao, na kabla hajarudi kwake.

Nilimwambia jioni ileile, tukiwa wawili, mlango umefungwa. Unamjua wifi yako, nilitegemea makelele. Aliniuliza maswali kwa sauti ya ofisini. Supu ilikuwa kwenye chombo gani? Yeye alikuwa wapi wakati huo? Nilitia kabla au baada ya Mama kuuliza? Nilipojibu "baada," alitazama mikono yake. Halafu akasema kwamba amekuwa akiwaambia watu jina langu kwa majivuno siku kumi na moja, na kwamba amemcheka mama yake mbele ya manesi. Akainuka akaenda kulala chumbani kwa Mama.

Leo ni siku ya tisa tangu hapo. Wifi yako anarudi kutoka kazini, ananisalimu vizuri, anachemsha mayai mawili, anayala amesimama. Nikipika, hali. Hatupi chakula changu wala hakisogezi kwa kidole kama alivyokuwa akifanya Mama, anapita tu kando yake. Nilimwuliza kama anataka niondoke kwa muda. Akasema hajaamua, na nisimharakishe kwa sababu tu mimi siwezi kukaa kitako.

Mama ndiye aliyefanya kitu ambacho sikukitarajia. Alhamisi alivuta kiti chake hadi jikoni, katikati kabisa, fimbo magotini, akaniambia nimpikie samaki. Nikamwambia mikono inatetemeka. Akasema ameshazalisha watoto kwenye umeme uliokatika, mikono yangu ataistahimili. Basi kila nilichoshika aliniuliza ni nini. Mafuta ya nini? Nioneshe chupa. Maji hayo umeyatoa wapi? Upawa huu umegusa wapi? Nilimjibu moja moja, jasho linanitoka. Nilipompakulia alinusa, akaonja kwa ncha ya ulimi, akasubiri kimya kama dakika tano akitazama saa ya ukutani, na mimi nimesimama. Kisha akala. Alipomaliza akasema chumvi imezidi.

Wifi yako alikuwa amesimama mlangoni na bakuli lake la mayai. Aliona kila kitu. Akaenda sebuleni, sikusikia vizuri kama alikuwa analia au anapiga chafya, na sikuthubutu kumfuata.

Nimekuandikia badala ya kukupigia kwa sababu kwenye simu ungenikatiza. Ungesema nilikuwa nimechoka, ungesema mama mkwe naye amezidi, ungenitetea kama ulivyonitetea kwa Baba siku ile nilipovunja redio. Safari hii usinitetee, dada. Naomba kitu kimoja tu: wale uliowasimulia ofisini, pamoja na yule mama mhasibu aliyetokwa na machozi, waambie mkate haukuwepo. Waambie ni nani aliyetia nini. Mama anarudi kwake Jumapili, sitaki aondoke na jina la mlafi ilhali mwenye jina nipo.

Na kwa wageni wako, waulize kwanza. Mmoja mmoja. Akikwambia hali kitu fulani, mwamini hata kama anakuudhi.

Wifi yako ameisoma barua hii kabla sijaifunga. Nilimpa mwenyewe, akaisoma akiwa amesimama karibu na dirisha, kurasa zote, bila kuinua macho. Palipo na supu nilikuwa nimeandika kwamba nilitia kama pawa mbili. Akaniuliza, zilikuwa mbili au kama mbili? Nikasema mbili. Akaniambia basi niandike ukurasa ule upya, upawa mmoja mmoja, na akavuta kiti akakaa mezani kungojea.

Msalimie shemeji, na wapwa zangu wabusu kwa niaba yangu hata wakikimbia. Mama anakusalimu, anasema mgongo unahitaji godoro gumu na kuacha ubishi. Ukijibu, jibu kwa barua, usipige.

Ni mimi mdogo wako,
Spana

Ukurasa wa supu uliomo humu ndio ule alioungojea wifi yako. Ule wa awali, wenye neno "kama", amebaki nao yeye.